Kontena Bandarini: Nani Hufaidi Kazi ya Mtambo?

Hofu kwamba mashine zitawaondolea watu kazi si mpya, wala haikuletwa na kompyuta. Mwalimu anayetaka kuwaeleza wanafunzi wake jambo hili hana haja ya kutafuta mfano wa ajabu. Na atazame jinsi mzigo unavyoshushwa bandarini. Historia ya kontena, yaani lile sanduku kubwa la chuma tunaloliona kila siku juu ya malori, inatufundisha kwamba kila mtambo una mambo mawili. La kwanza ni uwezo wake wa kufanya kazi, nalo ni suala la sayansi. La pili ni mgawo wa faida yake, nalo ni suala la mapatano kati ya watu.

Kazi kabla ya kontena

Zamani shehena ilipakiwa na kupakuliwa kipande kwa kipande. Magunia ya kahawa, marobota ya katani, mapipa na masanduku ya chai yalibebwa mabegani, yakainuliwa kwa winchi, kisha yakapangwa kwa mikono ndani ya meli. Meli iliweza kukaa gatini siku nyingi. Kazi ilikuwa ya sulubu na ya hatari, na makuli wengi walikuwa vibarua walioitwa siku ile tu meli ilipofika. Hata hivyo mikono yao ilikuwa na nguvu ya namna yake, maana bila ya mikono hiyo meli haikuondoka. Ndiyo maana migomo ya mwaka 1947, ya Mombasa na ya Dar es Salaam, ambayo makuli walishiriki, iliwashtua sana watawala wa kikoloni.

Hesabu iliyogeuza mambo

Tarehe 26 Aprili, 1956, meli iitwayo Ideal-X iliondoka Newark, Marekani, kwenda Houston ikiwa na makontena 58. Mwenye mpango huo, Malcom McLean, alikuwa mfanyabiashara wa malori. Wazo lake lilikuwa jepesi: badala ya kuhamisha vitu kimoja kimoja kutoka lorini hadi melini, heri lihamishwe sanduku zima likiwa limefungwa. Mwaka huo gharama ya kupakia tani moja ya mzigo wa kawaida ilihesabiwa kuwa dola 5.83. Kwa Ideal-X ilikadiriwa kuwa senti 15.8 tu. Mwanafunzi akigawanya ataona kwamba gharama ya kwanza ni takriban mara 37 ya ile ya pili.

Siri haikuwa katika kreni peke yake, bali katika kipimo. Katika miaka ya 1960 mataifa yalikubaliana juu ya vipimo vya makontena, na urefu wa futi 20 na futi 40 ukawa ndio wa kawaida. Kila pembe ya sanduku iliwekewa chuma chenye matundu, ili liweze kushikwa na kreni ya bandari yoyote, na kufungwa juu ya lori au behewa lolote. Kuli wa zamani alihitaji macho na maarifa ili ajue namna ya kushika gunia na namna ya kulaza pipa. Umbo likiwa moja, maarifa hayo hayahitajiki tena. Huo ndio msingi wa mitambo inayojiendesha: kazi hufanywa kwanza iwe ya namna moja, ndipo mashine huweza kuirithi. Haishangazi basi kwamba mwaka 1993 magari yasiyo na madereva yalianza kubeba makontena katika bandari ya Rotterdam.

Kukataa na kupatana

Wafanyakazi walipokabiliwa na badiliko hilo hawakufuata njia moja. Huko Uingereza, mwishoni mwa miaka ya 1960, chama chao kilizuia makontena yasishughulikiwe Tilbury, kwenye mto Thames. Meli hazikungoja, nyingine zilikwenda Rotterdam na Antwerp, na bandari ya Felixstowe ikazidi kukua. Magati ya kale ya London, ambayo hayakufaa kwa meli kubwa za makontena, yalifungwa moja baada ya jingine, na ya mwisho yalifungwa mwaka 1981.

Katika pwani ya Pasifiki ya Marekani chama kilichoongozwa na Harry Bridges kilifuata njia nyingine. Mwaka 1960 kilikubali mashine, na waajiri nao wakakubali kutoa dola milioni 5 kila mwaka. Fedha hizo ziliwawezesha wazee kustaafu mapema na zikawa dhamana ya kipato kazi ilipopungua. Makuli walioandikishwa kikamilifu hawakufukuzwa kwa sababu ya mashine.

Lakini mapatano hayo nayo yalikuwa na kasoro. Vibarua, ambao hawakuwa wanachama kamili, hawakupata kinga hiyo. Mwaka 1971 mgomo mkubwa ulizuka katika pwani hiyo hiyo, na mojawapo ya sababu zake ilikuwa swali la nani apewe kazi ya kujaza makontena. Ubishi wa namna hii haujakwisha. Mwezi Oktoba 2024 makuli wapatao 45,000 wa bandari za mashariki na kusini mwa Marekani waligoma kwa siku tatu, na mitambo inayojiendesha ilikuwa miongoni mwa mambo waliyoyabishania.

Funzo kwetu

Hapana budi tukiri kwamba kontena limetuletea faida: bidhaa husafiri upesi, huibiwa kwa nadra zaidi, na migongo ya watu imepumzishwa. Lakini hakuna kanuni ya sayansi inayosema kwamba akiba iliyopatikana itamfikia yule ambaye mgongo wake umepumzishwa. Wenye meli, wanunuzi na wafanyakazi hupata kadiri walivyopatana, na aliyekuja mezani baada ya kreni kusimamishwa huwa amekwisha kupoteza nguvu yake ya kudai.

Kwa hiyo mwalimu akimaliza hesabu ya kugawanya 5.83 kwa 0.158, na awape wanafunzi wake hesabu ya pili: dola 5.67 zilizookolewa katika kila tani zigawiwe vipi, na nani awepo zinapogawiwa? Wamtafute na kibarua katika majibu yao, maana yeye ndiye aliyesahauliwa mwaka 1960.