Kontena likifutwa, maktaba ya filamu isipotee

WENYE filamu nyingi katika kompyuta ya nyumbani iliyogeuzwa seva wanaweza kuzipanga na kuzitazama kwa Jellyfin, programu ya bure iliyozaliwa Desemba 2018, baada ya watengenezaji wa Emby kuufunga msimbo wao kwa umma.

Wengi huiendesha ndani ya kontena la Docker, teknolojia iliyotangazwa mwaka 2013. Kontena hubeba programu pamoja na vyote inavyovihitaji, hivyo haiingiliani na programu nyingine za seva.

Hata hivyo, kontena si mahali pa kuweka akiba. Toleo jipya linapowekwa, kontena la zamani huondolewa. Iwapo kumbukumbu zilikuwa humo, jipya huanza bila orodha ya filamu, bila majina ya watumiaji.

Kinga ni kuunganisha folda za seva na kontena tangu siku ya kwanza. Folda ya mipangilio, iitwayo /config, ikae katika diski ya seva na kunakiliwa kwingine mara kwa mara. Folda ya filamu iunganishwe kwa ruhusa ya kusoma tu, ili programu isiweze kufuta filamu yoyote.