Gari la kisasa la dizeli: Nafuu safarini, mzigo likibaki mjini

Na Mwandishi Wetu, Songea

MKAZI wa Msamala, moja ya kata za Manispaa ya Songea mkoani Ruvuma, anayekusudia kununua gari binafsi la dizeli kwa sababu ya sifa yake ya kutumia mafuta kidogo, anapaswa kwanza kujiuliza swali moja: gari hilo litakuwa likitembea wapi? Jibu la swali hilo ndilo litakaloamua iwapo atapata nafuu aliyoitarajia au ataishia kulipa gharama kubwa gereji.

Kwa miaka mingi wakazi wa Songea wameijua dizeli kupitia malori, matrekta, mashine za kusaga na magari ya Land Rover na Land Cruiser ya zamani. Hata umeme wa mji huo ulitegemea kwa kiasi kikubwa majenereta ya dizeli, hadi Songea ilipounganishwa na Gridi ya Taifa mwaka 2018. Injini hizo zilijijengea sifa ya uvumilivu. Zilipewa mafuta ya kwenye madumu, zikacheleweshewa oili, na bado ziliendelea kufanya kazi.

Gari la dizeli la kisasa linauzwa kwa kutumia sifa hiyo hiyo, lakini injini yake ni kitu kingine kabisa.

Kanuni ya msingi haijabadilika tangu Mjerumani Rudolf Diesel alipofanikisha injini yake mwaka 1897. Hewa hugandamizwa ndani ya silinda hadi inapopata joto kali, kisha mafuta hupulizwa na kuwaka yenyewe bila kuhitaji plagi ya kutoa cheche. Kilichobadilika ni namna mafuta hayo yanavyopulizwa. Katika injini za kisasa, pampu hujaza mafuta kwenye bomba moja linalozihudumia nozeli zote, na kompyuta huamuru kila nozeli ifunguke lini na kwa muda gani. Mfumo huo ulianza kutumika katika lori la Hino mwaka 1995, na katika gari dogo la Alfa Romeo mwaka 1997.

Shinikizo katika bomba hilo sasa hufikia zaidi ya bar 2,000, wakati upepo wa tairi la gari dogo ni bar mbili na kidogo tu. Kwa nguvu hiyo, mafuta hutoka kama ukungu na kuungua karibu yote, ndiyo maana gari huwa na nguvu na hutumia mafuta kidogo. Hata hivyo, matundu ya nozeli ni membamba kiasi kwamba vumbi au tone la maji ambalo injini ya zamani isingelijali linaweza kuziharibu.

Magari mengi ya aina hii yanayoingia nchini hutoka Japan yakiwa yametumika. Nchini humo dizeli iliwahi kukosa soko kutokana na moshi wake. Oktoba 2003 Jiji la Tokyo na majirani zake Saitama, Chiba na Kanagawa walipiga marufuku malori na mabasi ya dizeli yasiyokidhi viwango vya masizi. Watengenezaji walirejea sokoni na dizeli safi zaidi, ikiwamo Mazda CX-5 ya mwaka 2012 na Toyota Land Cruiser Prado yenye injini ya lita 2.8 iliyotoka mwaka 2015. Usafi huo ulipatikana kwa kuongeza vifaa, na vifaa hivyo vina masharti.

Kifaa cha kwanza ni chujio la masizi lililofungwa kwenye bomba la moshi. Chujio hilo hukusanya masizi, na linapokaribia kujaa, kompyuta huongeza mafuta ili moshi upate joto la nyuzi 600 hivi na masizi yaungue. Kazi hiyo kwa kawaida huhitaji gari liwe katika mwendo wa kilometa 60 kwa saa au zaidi, kwa takriban dakika 15 hadi 20 bila kukatishwa.

Hapo ndipo swali la gari kutembea wapi linapopata uzito. Gari linalotoka Msamala asubuhi kupeleka watoto shule, likapita sokoni na benki katikati ya mji, kisha likarudi nyumbani, linaweza kumaliza wiki nzima bila kupata dakika hizo. Injini huzimwa kabla haijapata joto la kutosha na masizi huendelea kurundikana. Katika baadhi ya magari, mafuta yaliyoongezwa kwa ajili ya kuchoma masizi huteremka kwenye oili, ikawa nyepesi na kupoteza uwezo wa kulainisha vyuma. Mwenye gari akiona kina cha oili kinaongezeka badala ya kupungua, asifurahi. Hiyo ni dalili ya hatari.

Kinyume chake, gari hilo hilo likitumiwa mara kwa mara kwenda Mbinga, umbali wa kilometa 100 hivi, au Makambako, umbali wa karibu kilometa 300, hujisafisha lenyewe njiani bila dereva kujua.

Suala la pili ni mafuta. Kuanzia Januari 2015, nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zilianza kutumia kiwango cha pamoja kinachotaka dizeli isiwe na zaidi ya miligramu 50 za salfa kwa kila kilo. Hiyo ilikuwa hatua kubwa, lakini Japan kiwango ni miligramu 10 tangu mwaka 2007. Kwa hiyo gari lililotengenezwa kwa soko la Japan linaweza kupewa hapa mafuta yenye salfa mara tano ya yale liliyoyazoea, na salfa huchangia kuchosha oili na kuziba vifaa vya kusafishia moshi.

Aidha, ipo historia ya uchakachuaji. Mafuta ya taa yalipokuwa na bei ndogo kuliko dizeli, baadhi ya wafanyabiashara waliyachanganya na dizeli kwa siri. Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji (EWURA) ilianza kuweka vinasaba kwenye mafuta mwaka 2010, na mwaka 2011 Serikali ilipandisha ushuru wa mafuta ya taa ili kuondoa kishawishi hicho. Pampu ya kisasa hulainishwa na dizeli yenyewe, hivyo mafuta ya taa, ambayo hayana ulainishaji wa kutosha, huifanya isagike, na unga wake wa chuma husambaa hadi kwenye nozeli. Mwenye gari la aina hii anashauriwa kujaza kwenye vituo vinavyoaminika, kudai risiti, kuepuka mafuta ya madumu na kubadilisha filta ya dizeli kwa wakati.

Baadhi ya magari, ikiwamo Prado iliyotajwa, yana pia tangi dogo la kimiminika cha urea kinachopunguza gesi zenye sumu. Katika mkoa unaolima mahindi kama Ruvuma, ambako mbolea ya urea hupatikana madukani, mtu anaweza kushawishika kuiyeyusha kwenye maji na kuijaza. Asithubutu. Kimiminika cha gari hutengenezwa kwa urea safi, asilimia 32.5 katika maji yaliyoondolewa madini, na uchafu ulio kwenye mbolea huharibu mfumo mzima.

Wapo wanaoamua kung'oa chujio la masizi ili kukwepa usumbufu. Njia hiyo huondoa taa ya onyo kwenye dashibodi, lakini huhamishia tatizo kwenye mapafu ya majirani. Juni 2012 shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani (WHO) liliuweka moshi wa dizeli katika kundi la vitu vinavyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu.

Je, nafuu ni kiasi gani? Chukua mfano wa gari la petroli linalokwenda kilometa 10 kwa lita, na la dizeli linalokwenda kilometa 14. Anayetembea kilometa 30,000 kwa mwaka ataokoa lita zipatazo 857. Anayetembea kilometa 4,000, yaani wastani wa kilometa 11 kwa siku, ataokoa lita 114 tu. Akizidisha lita hizo kwa bei elekezi inayotangazwa kila mwezi na EWURA, kisha akauliza gereji bei ya seti moja ya nozeli, hesabu itamweleza iwapo dizeli inamfaa.

Kwa anayeamua kununua, ni vyema injini iwashwe ikiwa imepoa, kwa kuwa ugumu wa kuwaka na moshi mwingi hujitokeza wakati huo. Oili ipimwe kina na inuswe kama ina harufu ya dizeli, na gari lipimwe kwa kompyuta na fundi ambaye hakuletwa na muuzaji. Baada ya hapo, itumike oili iliyotajwa kwenye kitabu cha gari, yenye majivu kidogo, kwani majivu ya oili hayaungui na hubaki ndani ya chujio.

Kwa mfanyabiashara au mtumishi ambaye kazi yake humpeleka Mbinga, Tunduru au Njombe kila wiki, gari la kisasa la dizeli linaweza kuwa mwenzi mzuri wa safari. Kwa ambaye safari yake ndefu ni ya kutoka Msamala hadi sokoni, petroli bado ndiyo salama kwa mfuko wake.