Tochi ya LED: Angalia Joto Kabla ya Kununua

Madereva wa malori wanaoteremka kutoka Sachangwan usiku husimama Salgaa kukagua magurudumu na breki. Kazi hiyo inahitaji tochi isiyofifia. Wanaobadilisha balbu ya zamani na kuweka ya LED wanashauriwa kuzingatia joto.

Balbu ya zamani hutupa joto mbele pamoja na mwanga. LED hulipeleka nyuma, kwenye kitako chake. Joto likikosa pa kutokea, mwanga hupungua na LED huharibika mapema.

Kabla ya kununua:

• Volti: betri mbili za kawaida hutoa volti 3, tatu hutoa 4.5. Balbu ilingane nazo.
• Wati: plastiki haipitishi joto vizuri, hivyo chagua LED ndogo, kama ya wati 1. Ya wati 3 inafaa tochi ya aluminiamu.
• Kitako: kiguse chuma cha tochi barabara, bila kulegea.

Ijaribu nyumbani kwa dakika 10 ukitumia betri mpya. Tochi ya chuma ikipata uvuguvugu, joto linatoka. Ikibaki baridi huku mwanga ukififia, joto limekwama ndani, usiitegemee barabarani.