Biashara ya Mtandaoni Nyumbani: Tuuze Kilichomo Mkononi



Miaka miwili iliyopita, siku chache kabla ya Idi, sisi wanawake watatu wa nyumba moja hapa Mombasa tulikuwa tumekwisha kupokea fedha za madera 14. Madera yenyewe hatukuwa nayo. Tulikuwa na picha tu, tulizotumiwa na muuzaji wa jumla, nasi tukazisambaza kwa WhatsApp kana kwamba mali ni yetu. Mzigo ulifika siku ya tatu baada ya Idi, na madera 6 hayakuwa ya rangi iliyoagizwa. Msichana mmoja alikwenda kuswali Idi na nguo ya mwaka uliotangulia, kwa kuwa mamake alituamini. Fedha tulizirudisha zote, lakini sehemu yake ilikuwa imekwisha kuingia katika matumizi ya jikoni, na ilituchukua miezi miwili kumaliza deni. Baadhi ya wateja wale ni majirani zetu. Wengine hawajatununulia kitu tena hadi leo.

Twaanza na kisa hiki kwa sababu kina mama na dada wengi hutuuliza waanze biashara gani kwa simu. Sisi twaona kuna swali linalotangulia hilo: kitakachouzwa kimo mikononi mwa nani?

Kufanya biashara na mtu wa mbali si jambo geni kwetu. Bibi Khadija (R.A.) alikuwa mfanyabiashara wa Makka ambaye mali yake ilisafiri na misafara hadi Shamu bila yeye mwenyewe kwenda. Alichokitafuta ni mtu mwaminifu wa kuichukua, na ndivyo alivyompa kazi Muhammad (S.A.W.) kabla ya utume. Mali ilikwenda mbali, na amana ndiyo iliyoirudisha na faida. Leo aliye mbali ni mnunuzi. Hawezi kuipapasa nguo wala kuonja achari. Anachonunua kwanza ni kauli yetu.

Kuchagua

Usianze kwa kutazama jirani anauza nini. Jiulize watu hukuomba nini bila wewe kutangaza. Yuko mama ambaye kila harusi huitwa kupaka hina. Yuko ambaye vileja vyake husifiwa kila Ramadhani. Yuko anayeshona kofia za vito kama wafanyavyo watu wa Lamu na Pate. Hapo ndipo penye biashara, kwa kuwa ujuzi upo na wateja wa kwanza wapo.

Kisha uliza: kitu hiki kitahimili safari? Mahamri na viazi vya karai huliwa vingali moto. Hivyo ni vya kuuzwa mtaani, agizo lichukuliwe usiku na chakula kifike asubuhi. Achari ya embe, mabuyu, kashata na udi hupanda basi la usiku hadi Nairobi na kufika salama vikifungwa vyema. Kofia ya vito haiozi, lakini hutaka subira ya wiki nyingi, na bei yake lazima iitambue subira hiyo. Iko pia kazi isiyohitaji mzigo wowote: kusomesha watoto Qur'ani kwa simu ya video. Jamaa zetu walioko Ulaya na Marekani wana watoto wanaohitaji mwalimu, na ukumbuke tu tofauti ya saa.

Chagua kimoja. Anayeuza madera, vipodozi, sufuria na keki kwa pamoja hukumbukwa na wateja kwa lolote katika hayo kwa nadra.

Kuhesabu

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Tuchukue mfano wa chupa 20 za achari. Tuseme maembe ni shilingi 600, viungo, mafuta na siki 450, chupa 500, gesi 250, lebo na bando za simu 200. Jumla ni shilingi 2,000, yaani 100 kwa kila chupa. Ukiuza kwa 120, na chupa 2 zikavunjika njiani, utapata 2,160: faida ya shilingi 160 kwa kazi ya siku mbili. Ukiuza kwa 150, chupa hizo 18 zitaleta 2,700, na faida ni 700. Wengi huiga bei ya jirani, wakafanya kazi mwaka mzima bila kujua kwamba wanajilipa wenyewe chini ya kibarua.

Fedha za biashara zisichanganyike na za nyumba. Kosa letu la madera lilianzia hapo. Pochi la Biashara la M-Pesa hutenga fedha hizo katika laini ile ile ya simu. Kabla ya kutoa mzigo, tazama salio lako wala si ujumbe peke yake, kwani ujumbe wa kughushi umewaliza wengi. Daftari hilo ndilo litakalokusaidia pia kujua kama mali imefika kiwango cha kutolewa zaka mwaka ukitimia.

Ukiuza chakula, ulizia mapema cheti cha afya cha wanaoshika chakula na leseni ya kaunti. Ukitaka kukiingiza madukani kikiwa kimefungashwa, utahitaji alama ya ubora ya KEBS.

Kuuza kwa halali

Hakim bin Hizam (R.A.) alimuuliza Mtume (S.A.W.) juu ya mtu anayemjia kutaka kitu asichokuwa nacho, naye akamuuzia kisha akaenda sokoni kukinunua. Mtume alimkataza kuuza asichonacho. Tulipokisoma kisa hiki baada ya Idi ile, tulijiona sisi wenyewe.

Mlango haukufungwa. Waweza kuwa dalali: mwambie mnunuzi waziwazi kwamba mali ni ya fulani, nawe wapata ujira unaojulikana. Au waweza kufuata salam, ambapo mnunuzi hulipa thamani yote papo hapo, na sifa, kipimo na siku ya kukabidhi vikabainishwa. Mtume alipofika Madina aliwakuta watu wakinunua tende kwa njia hii, akawaruhusu kwa sharti kipimo, uzani na muda vijulikane. Kuhusu arbuni isiyorudishwa, wanazuoni wamekhitilafiana; muulize sheikh wa mtaa wako kabla ya kuipokea.

Na picha iwe ya kweli. Mtume alitia mkono katika lundo la chakula sokoni, akakuta umajimaji ndani, akamuuliza mwenyewe kwa nini hakuuweka juu watu wauone. Dera lenye doa lipigwe picha doa likionekana, na bei ishuke.

Nyumba na saa zake

Simu haina mlango wa kufunga. Mteja atauliza bei saa nne za usiku, na mtoto yu macho akingoja hadithi. Kubalianeni na mume na watu wa nyumbani saa za kujibu na saa za swala, kula na kulala, kisha waandikie wateja saa hizo. Atakayesubiri hadi asubuhi ndiye mteja wa kudumu.

Sisi leo twauza vileja na kashata tu, tunavyovipika wenyewe, na agizo la Idi hufungwa siku kumi kabla. Ramadhani iliyopita yule mama wa msichana alituma ujumbe akitaka vileja kilo mbili. Tulimpelekea wenyewe hadi mlangoni.

Mwenyezi Mungu atujaalie riziki ya halali yenye baraka. Wabillahi tawfiq.