Marudio: Mchanga Uuzwao bila Kupimwa

Mchanga una bei nyingi. Mwashi huununua ili auchanganye na saruji. Mtengenezaji wa vioo huutaka mweupe, usio na chuma. Nchini Marekani wachimbaji wa mafuta na gesi hununua kila mwaka mamilioni ya tani za mchanga wa kwatzi, lile jiwe jeupe na gumu. Huusukuma ardhini pamoja na maji kwa kani kubwa, ili punje zake zizuie nyufa za mwamba zisijifunge. Huko, punje ya mviringo na imara ndiyo yenye bei.

Katika kata ya Matongo, wilayani Tarime, thamani ya mchanga hutafutwa ndani ya punje. Kata hiyo imo katika eneo la Nyamongo, palipo na mgodi mkubwa wa North Mara ulioanza uzalishaji mwaka 2002. Lakini wachimbaji wadogo walikuwapo kabla yake. Wachimbaji wa namna hiyo huvunja mawe, huyasaga katika makarasha, kisha huuosha unga wake kwa maji mwaloni. Mchanga unaobaki huitwa marudio, nao una soko lake.

Kwa nini mabaki yanunuliwe? Sentimita moja ya ujazo ya dhahabu ina gramu 19.3, ya kwatzi ina gramu 2.65 tu. Kwa hiyo maji yapitapo juu ya ubao ulioinama hubeba kwatzi na kuacha dhahabu, ambayo hukusanywa kwa zebaki. Hata hivyo, chembe ndogo mno huchukuliwa na tope, na nyingine zimefungwa ndani ya punje, zebaki isizifikie. Kwa kawaida njia hiyo hukamata chini ya nusu ya dhahabu yote.

Mfano wa hesabu utadhihirisha jambo hilo. Tani moja ya mawe ikiwa na gramu 10 za dhahabu, na zebaki ikikamata asilimia 30, mchimbaji hupata gramu 3. Gramu 7 hubaki katika marudio. Mwenye mtambo wa sayanidi akitoa asilimia 90 ya hizo, atapata gramu 6.3. Ni kweli kwamba hugharamia kemikali na mitambo. Lakini aliyeingia shimoni amepata chini ya nusu ya hizo. Na mara nyingi marudio huachwa kwa mwenye karasha kama sehemu ya malipo ya kusaga, bila kupimwa.

Dawa yake ni sampuli iliyochukuliwa kwa haki. Mchanga huchotwa kidogo kidogo juu, ubavuni na ndani ya lundo, huchanganywa, kisha hugawanywa mafungu manne. Mawili yanayokabiliana huchanganywa tena, na kazi hurudiwa hadi ibaki kilo moja ya kupelekwa maabara. Kiganja kimoja kilichochotwa juu ya lundo hudanganya.

Maabara ipime pia zebaki. Zebaki iliyobaki katika marudio ikikutana na sayanidi huyeyuka na kusafiri na maji. Na maji ya Matongo huelekea mto Tigithe, kisha Mara, hata Ziwa Viktoria. Ndiyo maana Mkataba wa Minamata, ulioridhiwa na Tanzania mwaka 2020, wataka kukomeshwa kwa desturi ya kutia sayanidi katika mchanga ambao zebaki yake haijaondolewa kwanza. Kipimo cha dhahabu humlinda muuzaji. Cha zebaki humlinda pia achotaye maji mbali na mwalo.