Joto la Kyela lisikufutie hesabu za msimu

Anayeshuka kutoka Tukuyu kwenda Kyela hupokewa na joto kabla hajafika stendi. Bonde hilo la kando ya Ziwa Nyasa liko takribani mita 500 tu juu ya usawa wa bahari. Joto hilo linafaa kwa mpunga na kakao, lakini ni adui wa kompyuta.

Kwa mfanyabiashara wa mchele, au karani wa chama cha msingi anayetunza kilo za kakao za kila mkulima kwenye kompyuta mpakato, kinachoweza kupotea si mashine tu, bali hesabu za msimu mzima.

Hesabu hizo hukaa kwenye diski ngumu. Ndani yake mna sahani inayozunguka, kwa kawaida mara 5,400 kwa dakika. Watengenezaji wengi huweka kikomo cha nyuzi joto 60. Dalili za hatari ni sehemu ya kuwekea kiganja kuchoma, faili kuchelewa kufunguka na mlio wa "tik, tik". Ukisikia mlio huo, nakili kumbukumbu zako mara moja kabla ya kufanya jambo lingine.

Hatua za kuchukua ni rahisi.

Kwanza, usiweke kompyuta juu ya kitanda wala gunia, kwa sababu matundu ya hewa mara nyingi yako chini. Iweke mezani, kisha inyanyue kwa vizibo vinne vya soda kwenye pembe zake.

Pili, ondoa vumbi, hasa kama ofisi iko jirani na mashine ya kukoboa mpunga. Zima kompyuta, chomoa chaja, toa betri kama inatoka, kisha safisha matundu kwa brashi laini na kavu. Usipulize kwa mdomo, mate yataingia ndani.

Tatu, pima joto. Programu ya bure ya CrystalDiskInfo huonyesha joto la diski. Likizidi nyuzi 50 mara kwa mara, pumzisha mashine au ielekezee feni ya mezani.

Usiiweke kwenye friji, maana itashika unyevu. Usifungue diski yenyewe pia; chembe moja ya vumbi inatosha kuiharibu.

Mwisho, nakili hesabu kwenye flashi kila jioni, na flashi hiyo isikae mfuko mmoja na kompyuta. Diski mpya inanunuliwa dukani, lakini kilo za wakulima zikifutika haziuzwi popote.