Kivuli cha Penseli

Mwanafunzi akibadili jibu kwenye karatasi ya mtihani wa kuchagua, kifutio hakiondoi kila kitu. Ndani ya kiduara hubaki kivuli cha kijivu, na jirani yake kiduara kingine kimekolezwa. Mashine ya kusahihisha hukipita kivuli hicho, maana inachotafuta ni jibu la mwisho. Justin Kruger na wenzake, Derrick Wirtz na Dale Miller, hawakukipita. Walizichukua karatasi za wanafunzi 1,561 waliofanya mtihani wa utangulizi wa saikolojia katika Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, wakahesabu kila mahali palipofutwa: mara 3,291. Katika asilimia 51, mwanafunzi alitoka kwenye kosa akaingia kwenye jibu sahihi. Katika asilimia 25, aliliacha sahihi akashika kosa. Katika zilizosalia, alihama kutoka kosa moja hadi jingine. Kwa kila alama iliyopotea kwa kufuta, zilipatikana mbili.

Matokeo hayo, yaliyochapishwa 2005, yanapingana na wosia ambao mtahiniwa huingia nao chumbani: jibu la kwanza ndilo, usiliguse. Kruger anaeleza kwa nini wosia huu haufi, na maelezo yake ndiyo yenye uzito kuliko hesabu yenyewe. Aliyefuta jibu sahihi anaumia kuliko aliyeng’ang’ania kosa, ingawa wote wamepoteza alama moja ileile. Wa kwanza alikuwa nayo mkononi. Kiswahili kimelitengea jeraha hilo neno na njeo yake: laiti nisingalifuta. Uchungu huo hukaa kichwani miaka, ilhali alama zilizookolewa na kifutio husahaulika jioni ileile. Hivyo mtu hukusanya ushahidi wa upande mmoja, kisha humrithisha mdogo wake kama hekima.

Katika saikolojia, kuna sababu ya ziada ya kusoma swali mara ya pili. Chukua swali la gari linalolia mpaka dereva afunge mkanda: je, hiyo ni adhabu au uimarishaji hasi? Jicho la kwanza huona kero ya mlio, likakimbilia adhabu. Lakini mlio unakoma mkanda ukifungwa, na kwa kuondolewa kwa kero hiyo tabia ya kufunga mkanda inaongezeka. Huo ni uimarishaji. Mtunga mitihani anayeijua kazi yake huweka majibu ya uongo yanayomvuta msomaji wa haraka. Kumwambia mwanafunzi asirudi hapo ni kumwacha mtegoni.

Mtu atasema, na ana haki: wanafunzi wale walibadili majibu waliyoyatilia shaka tu, kwa hiyo takwimu haziamuru kufuta kila kitu. Ni kweli. Jibu ulilolijua kabisa liache. Ndiyo maana utafiti wa baadaye wa Justin Couchman na wenzake unasaidia. Waliwataka wanafunzi waweke alama kando ya kila jibu, palepale walipolijibu, kuonyesha kama walijua au walibahatisha. Alama hizo ziliongoza vizuri kuliko kumbukumbu ya baadaye, kwa sababu mtu akifika swali la mwisho hakumbuki tena alikuwa na uhakika kiasi gani kwenye la tatu. Nukta ndogo ya penseli pembeni ya swali haigharimu chochote, nayo inaonyesha pa kurudia.

Linalobaki linasumbua. Ile robo iliyolifuta jibu sahihi haikuwa ya wazembe watupu. Yupo aliyesoma tena akapata sababu, ila sababu ikawa mbovu. Yupo pia ambaye mkono ulitetemeka kwa kuona jirani amemaliza. Shaka ya kufikiri na shaka ya hofu, mtahiniwa mwenye dakika tano atazitenganishaje? Kwenye karatasi, zote mbili huacha kivuli kilekile.